Maswali ya Wasomaji: Zimwi na Masharti Yake

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu waandishi wa fantasia wa Serbia na jinsi wanavyochota kwenye ngano na tenzi za wazee wao. Barua nyingi zilizotufikia zimetoka Tanga na Bagamoyo, na karibu zote zinabisha mlango uleule: ya Waserbia hayo, sisi huku tutayafanyaje? Tumechagua saba. Ndefu tumezifupisha, salamu tumeziacha zilivyo.

*Wahariri, shikamooni. Nasomea sanaa hapa Bagamoyo na ninaandika riwaya yenye zimwi. Kila anayeisoma ananiambia zimwi langu ni mtu mwenye meno marefu tu. Hao Waserbia viumbe vyao wanavifanyaje vikatisha?* (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

Marahaba. Meno hayana kosa. Kilichokosekana ni masharti. Mganga akikupa dawa anakupa na miiko yake: usile hiki, usipite pale, usigeuke nyuma. Kiumbe cha ngano ni hivyo hivyo. Kina saa yake ya kutoka, kina kinachokizuia, kina kinachokitaka, na ukikosea kina cha kukutoza. Ukibeba jina na sura ukaacha masharti, umebeba kinyago.

Waserbia walibahatika. Mwaka 1818 Vuk Karadžić alichapisha kule Vienna kamusi ya Kiserbia yenye maneno 26,270, akaendelea kuipanua maisha yake yote. Pale ambapo mtunga kamusi mwingine angeandika "mzuka" akapita, yeye aliandika miiko yote. Chukua neno vukodlak, ambaye wengi humwita vampir. Ni mtu aliyekufa, kisha baada ya siku 40 roho ya kishetani ikamwingia. Hutoka usiku, hukaba watu na kunywa damu yao, na hutembea na sanda yake begani. Watu wakianza kufa ovyo kijijini, wanakijiji humtafuta kwa dume la farasi changa, jeusi lisilo na baka hata moja. Wanalipitisha juu ya makaburi, na kaburi litakalokataa kulivuka ndilo lenyewe. Aliyemo huchomwa kigingi cha mti wa miiba waitao glog. Na wakati wa njaa, huyo kiumbe huonekana zaidi karibu na vinu vya maji na maghala ya nafaka.

Hilo la mwisho lisome tena. Wakati wa njaa, ni nani anayezungukazunguka ghala usiku, na ni nani anayefaidika watu wakiogopa kulisogelea? Hapo mwandishi ameshapata mlinzi, mwizi, msagaji na mtaa mzima. Milovan Glišić alipoandika mwaka 1880 hadithi ya Sava Savanović, mzuka wa kijiji cha Zarožje, aliiweka kinuni, na filamu za kutisha zilizokuja baadaye zilikifuata kinu hichohicho.

Sasa geukia zimwi lako. Tuseme ni lile linalombeba binti ndani ya ngoma, likizunguka vijijini na kumwimbisha. Kabla hujaandika sura ya pili, jibu kwa karatasi: linakula nini? Linalishwa na wenyeji baada ya kupiga ngoma. Basi ni mpiga ngoma wa kuajiriwa, na akikaribishwa hawezi kukataa. Kwa kuwa hawezi kukataa, mama wa binti anaweza kumshibisha hadi alale, kumtoa mwanawe na kujaza nyuki ngomani. Mwisho wa hadithi umetoka ndani ya sharti lenyewe, hukuhitaji kumleta shujaa mwenye upanga kutoka nje.

Kosa la pili ni kutoa sharti kwa kuchelewa. Katika utenzi mmoja wa Marko Kraljević, shujaa mkubwa wa tenzi za Waserbia, Marko anasinzia juu ya farasi na kumwomba rafiki yake Miloš amwimbie. Miloš anasita: jana alikunywa divai na Ravijojla, bibi wa mlimani wa jamii ya viumbe waitwao vila, naye ameapa kwamba akimsikia akiimba atampiga mishale ya koo na ya moyo. Marko anasisitiza, Miloš anaimba, mishale inakuja kooni na moyoni kama ilivyoahidiwa. Kisha Marko anamfukuza Ravijojla, anamtwanga kwa rungu la chuma mpaka akubali kuchuma mitishamba na kumponya Miloš. Kitisho kilitajwa kwanza, kikatimia baadaye. Ungepindua mpangilio huo, msomaji angeona umebuni papo hapo.

La tatu ni kutoa siri bure. Baš Čelik ni jitu la ngano lisilouawa kwa risasi wala upanga. Mwanamke aliyetekwa nalo analiuliza nguvu zake zimo wapi. Linasema: kwenye upanga wangu. Anaangukia upanga na kuuabudu, jitu linacheka. Siku nyingine linasema: kwenye mshale. Anaabudu mshale. Mara ya tatu ndipo ukweli unatoka: mbali kuna mlima, mlimani kuna mbweha, ndani ya mbweha moyo, ndani ya moyo ndege, na ndani ya ndege ndimo zilimo nguvu. Mtu wa pwani hapo atamkumbuka Fumo Liongo na sindano ya shaba kitovuni, na mwana aliyeitoa siri ya baba yake. Waandishi wanaoanza hutoa siri mara ya kwanza inapoulizwa. Uongo mara mbili ndio unaompa yule mwanamke nafasi ya kuwa mjanja.

Masharti mawili au matatu kwa kiumbe kimoja yanatosha. Yakifika saba, wewe mwenyewe utasahau mojawapo ukifika sura ya kumi na mbili.

*Asalaam aleikum. Nataka kumweka vampaya ndani ya mapango ya Amboni. Wenzangu wananicheka. Je, haiwezekani?* (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

Waaleikum salaam. Inawezekana, ila angalia unamwogopesha nani na kwa kitu gani.

Mwaka 1725 kijijini Kisiljevo, Serbia ya kaskazini, walikufa watu tisa ndani ya siku nane, kila mmoja akiugua kama siku nzima tu. Wakiwa kitandani walisema Petar Blagojević, aliyezikwa wiki chache nyuma, amewalalia na kuwakaba. Mjane wake alisema mume alimjia usiku kudai viatu vyake. Viatu! Eneo hilo lilikuwa limeingia mikononi mwa dola ya Austria mwaka 1718, kwa hiyo afisa wa dola alilazimika kusimamia kaburi likifukuliwa na kuandika ripoti. Ripoti ikachapwa gazetini Vienna, na kwa njia hiyo neno vampir likaanza safari yake Ulaya.

Basi mzuka wa Serbia ni jirani yako, mume wako, anayejua mlango wako na mahali viatu vilipowekwa. Sisi husema zimwi likujualo halikuli likakwisha; yule wa Kisiljevo huanza na wale anaowajua. Pwani yetu mnyonya damu ni mumiani, naye ni kinyume kabisa: mtu hai, mgeni, mwenye gari au mwenye kazi isiyoeleweka, anayechukua damu ikatengenezwe dawa. Mmoja anatisha kwa sababu ni wa nyumbani, mwingine kwa sababu hana kwao. Ukimvisha mumiani sanda na kumlaza kaburini, umewapoteza wote wawili.

Mapango ya Amboni nayo yana miiko yake tayari. Watu huingia kuomba na kuacha sadaka za mzimu, na kuna masimulizi ya njia za chini kwa chini zinazofika mbali mno. Pango la chokaa lina popo, unyevu, na giza ambalo tochi ya simu hailimalizi. Ukimtaka mfu anayerudi, mpe sababu ya pango hilohilo: kwa mfano aliingia kuweka nadhiri, akafa kabla ya kuitimiza, na sasa anawaendea ndugu zake mmoja mmoja, wamlipie. Hapo umechukua mfupa wa Kisiljevo ukauvika nyama ya Tanga. Ila mzimu wenyewe wa pango usimfanye mwovu kwa ajili ya kusisimua tu. Wapo wanaokwenda pale na haja zao za kweli.

*Hayo majina yenye vijimkia yanasomwaje?* (Msomaji, Raskazone, Tanga)

Kwa urahisi kuliko Kiingereza, maana Vuk alikipanga Kiserbia kwa kanuni ya sauti moja herufi moja, kama tunavyoandika sisi. Č na ć zisome ch, š ni sh, đ na dž ni kama j yetu, j yao ni y, c ni ts. Ž pekee ndiyo hatuna: ni sh iliyotiwa mtetemo wa z. Kwa hiyo Karadžić ni Karajich, Baš Čelik ni Bash Chelik, na Šarac, farasi wa Marko, ni Sharats. Tahadhari moja: neno vila ukiliacha tupu ndani ya riwaya ya Kiswahili, msomaji wa mtaa wako atafikiri ni nyumba ya kupangisha upande wa baharini.

*Nimesoma tafsiri mbili za hadithi za Serbia. Katika moja joka ni adui, katika nyingine joka ni babu wa shujaa. Lipi sahihi?* (Msomaji, Pangani, Tanga)

Yote mawili, aliyekosea ni mfasiri aliyekuwa na neno moja kwa wanyama watatu. Aždaja ni joka la vichwa vingi, linalokaa ziwani na kudai watu wa kula. Ala ni pepo la dhoruba linaloleta mvua ya mawe na kula mazao. Zmaj ni wa moto, huruka usiku kama kimondo, na mara nyingi ndiye anayepigana na ala ili shamba lipone. Zmaj hupenda wanawake, na mashujaa kadhaa wa tenzi husemwa ni watoto wake. Kuna na binadamu mwenye kazi kama hiyo, zduhać, aliyezaliwa amefunikwa utando. Dhoruba ikija anashikwa na usingizi mzito, roho inatoka kwenda kupigana juu. Ukimgeuza mwilini, kichwa kikalala ilipokuwa miguu, roho hairudi. Sharti hilo moja lina riwaya nzima ndani yake: kila adui wa zduhać lazima awe mtu anayeweza kuingia chumbani mwake.

Kwa hiyo usitumie "joka" kwa wote. Aždaja mwite joka. Ala mwache na jina lake, kisha umtambulishe kwa kazi: mahindi yaliyopondwa, wingu jeusi lenye mkia. Zmaj naye abaki na jina lake.

Tahadhari na miaka. Katika utenzi mmoja, zmaj wa mlima Jastrebac humjia usiku malkia Milica, na mumewe Lazar anamshauri amwulize anamwogopa nani. Zmaj anajibu: Vuk wa Kupinovo tu (si Vuk wa kamusi). Lazar wa historia aliuawa Kosovo mwaka 1389, na Vuk Grgurević, ndiye huyo wa Kupinovo, alikufa mwaka 1485. Marko naye alikufa vitani Rovine mwaka 1395, lakini utenzi unampa miaka 300 ya kuishi, na farasi wake miaka 160 ya utumishi. Msikilizaji wa utenzi haulizi. Msomaji wa riwaya atauliza, kwa hiyo amua mapema: ama ulimwengu wako hauna kalenda kabisa, ama shujaa wako ana sababu ya kutozeeka, na sababu hiyo nayo ina gharama.

*Kati ya waandishi wa sasa, nianze na nani? Na je, wote wanaandika mizimu?* (Msomaji, Bagamoyo mjini)

La, si wote. Zoran Živković alipata tuzo ya dunia ya fantasia mwaka 2003 kwa visa vinavyohusu maktaba, na humo hutakuta vila wala ala. Milorad Pavić, katika riwaya yake ya mwaka 1984, alipanga hadithi nzima kama kamusi: vitabu vitatu, chekundu cha Wakristo, kijani cha Waislamu na cha njano cha Wayahudi, unaanzia popote. Aleksandar Tešić, katika mfululizo wa Kosingas, ndiye aliyemchukua Marko Kraljević na viumbe vya ngano moja kwa moja. Ukitaka kutumia simulizi za wazee, Tešić ndiye wa karibu zaidi; kwa umbo, Pavić.

Lakini ukiwa na jioni moja tu, tafuta kwanza ngano fupi iliyokusanywa na Vuk kuhusu jumba la ghorofa lisilo mbinguni wala duniani. Zmaj amemteka binti wa mfalme na kumweka humo. Kaka zake watatu wanafika chini yake na hawana ngazi. Wanamchinja farasi mmoja, wanachuna ngozi na kuikata ukanda mrefu, wanaufunga kwenye mshale na kuupiga juu mpaka unanasa. Wakubwa wawili wanakataa kupanda, mdogo anapanda. Kisha fungua Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, iliyotoka mwaka 1951: nchi nzima inaelea hewani. Shaaban alilitumia wazo hilo kuhukumu sheria na utawala, Waserbia wakalitumia kupima ndugu. Nchi ya hewani tunayo zamani. Ila ule ukanda wa ngozi ya farasi, kitu cha kushika kwa mkono, ndio unaokosekana kwenye miswada mingi tunayopokea.

*Bibi yangu yuko Tongoni na anajua hadithi nyingi, ila nikimwomba anasema amesahau. Nikimrekodi kwa simu anaharakisha. Nifanyeje?* (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Mwanetu, usimwombe hadithi, mwombe akueleze jambo. "Bibi, kwa nini hatupigi mluzi usiku?" Hadithi itakuja yenyewe kuwa jibu. Nenda baada ya isha, na uwachukue watoto wawili watatu, kwa sababu paukwa inahitaji wa kuitikia pakawa. Bila waitikiaji msimulizi hufupisha.

Mwambie wazi kwamba unarekodi na kwa nini, kisha simu ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, kama nusu mita kutoka kwake, mbali na feni. Iweke isipokee simu wala ujumbe. Ukiishika mkononi utanasa mikwaruzo ya vidole, na yeye ataitazama simu badala ya watoto. Usimkatize kumsahihisha jina au mahali. Akimaliza, uliza la masharti tu: na asingegeuka nyuma, ingekuwaje? Jibu la swali hilo mara nyingi lina thamani kuliko hadithi.

Rudi siku nyingine umrekodi hadithi ileile. Mtafiti Mmarekani Milman Parry alipokwenda Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa ndani yake, kati ya mwaka 1933 na 1935 kurekodi waimbaji, aliwarudisha kwenye utenzi uleule. Waimbaji waliapa ni neno kwa neno, lakini rekodi zilionyesha kila mara mistari imepangwa upya. Kinachobaki mara zote mbili ndio mfupa. Kinachobadilika ndicho unachoruhusiwa kukibadilisha na wewe.

Uwe na subira pia. Vuk alipompata mzee Milija, mwimbaji mwenye makovu ya mapanga kichwani, alikuta hawezi kusema utenzi polepole, anaweza kuimba tu, na haimbi bila rakija, pombe kali ya matunda. Akinywa, anachanganya mistari. Tenzi nne zilimchukua Vuk zaidi ya siku 15. Wewe utamaliza kwa kahawa na kashata. Kuandika ulichorekodi ndiko kutakakokuchosha: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kalamu. Andika anavyotamka, usimpeleke shule.

Akikwambia "hii si ya kuandika", zima simu. Na kama unakusudia kuchapa kwa biashara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja sanaa za jadi, kwa hiyo uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, kabla mchapaji hajaanza kazi.

*Nimesikia Waserbia huimba kwa mizani kumi. Naweza kuitumia kwenye riwaya yangu, pale shujaa anapoimbwa?* (Msomaji, Kaole, Bagamoyo)

Mstari wao una mizani 10, unakatwa baada ya ya nne, hauna vina, na huimbwa kwa gusle, ala ya uzi mmoja wa singa za farasi inayopigwa kwa upinde. Kwa Kiswahili unatoka hivi, tukichukua siku Marko alipoambiwa na vila atazame maji aone kifo chake:

Akapanda / mlima Urvina,
akaona / kifo kisimani.

Hesabu imetimia, sikio halijatimia. Mtu aliyekulia kwenye tenzi anangoja kina mwishoni mwa kipande, na hapa hakipati, kwa hiyo mistari inasikika kama nathari iliyokatwa. Gusle ndiyo inayobeba kazi ya kina kule, na kwenye karatasi hakuna gusle. Habari hiyohiyo katika mizani nane:

Akapanda mlimani
akatazama majini
kuiangalia shani
ajali ikamjia.

"Ajali" hapa ni ile ya kale, siku iliyoandikwa, si ya basi. Weka beti tatu au nne mahali pamoja na urudi kwenye nathari. Zikizidi, msomaji wa riwaya anaruka. Na unapohesabu kwa vidole, kumbuka m ya "mlimani" na m ya "ikamjia" kila moja ni mizani kamili. Ukizimeza utapata saba, utaongeza "na" au "ndipo" isiyo na kazi, na ubeti utapinda.